Labhuben: Msikilaumu kisu changu, laumuni chuma chenu

Saa mbili asubuhi, jiwe la kunolea linazunguka bure. Labhuben Pithva hanoi kitu. Anageuzageuza kisu cha kukerezea kilichovunjika ncha, na midomo ameibana.

"Cha tatu wiki hii," anasema. "Na wote wanasema Labhuben siku hizi anaharibu."

Anafanyia kazi katika chumba cha nyuma ya nyumba yake, mtaa wa wafua chuma mjini Rajkot, India. Visu vyake havipatikani dukani. Ni vya kukerezea flaiwili za injini za mfano, zile injini ndogo za kuweka mezani ambazo huzunguka kweli. Flaiwili ni gurudumu lake zito, pana kama kisahani. Kisu cha kawaida kikiingia ndani ya ukingo, kinagonga kitovu. Labhuben hukipinda shingo kikiwa chekundu motoni, kisha hukinoa ubavu kwa mviringo hadi kipite bila kugusa.

Alifundishwa na marehemu mumewe, Vashrambhai. Mwezi mzuri humwachia rupia elfu tisa, nyingi zikitoka kwa mteja mmoja, Dhirubhai, mwenye karakana ya injini hizo. Jana Dhirubhai alimpelekea ujumbe: kikivunjika kingine, kazi inakwenda kwa fundi mwingine.

Labhuben anachukua tupa, anavaa kandambili na kuvuka mtaa hadi kwa Karsanbhai, anayesubu flaiwili kwa kumimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu za mchanga. Anamkuta akizimwagia maji. Mvuke umejaa chumba kizima.

"Karibu, dada. Chai?"

"Kunywa mwenyewe. Hizi umezitoa mchangani lini?"

"Sasa hivi. Diwali imefika, watu wanataka mzigo."

"Na maji juu!"

"Kidogo tu, zipoe."

Labhuben anapitisha tupa kwenye ukingo. Haing'ati; inateleza kama juu ya kioo.

"Tupa yako imezeeka," Karsanbhai anatania. "Kama mwenyewe."

"Lete yako basi, wewe kijana."

Analeta. Nayo inateleza. Vibarua wanaangua kicheko.

Chuma cha kusubu kikipozwa ghafla, ngozi yake inakuwa ngumu kuliko kisu. Katika mtaa huu hakuna asiyejua hilo.

"Ulijua!" Labhuben anafoka. "Wewe unakimbiza kazi, jina linaloharibika ni langu!"

Karsanbhai anainamisha kichwa. "Si mimi, dada. Dhirubhai ndiye aliyesema nizitoe zikiwa moto."

Labhuben anaokota flaiwili moja, bado ina joto, anaifunga kwenye ncha ya sari na kuondoka nayo. Dakika chache baadaye inatua mezani kwa Dhirubhai kwa kishindo, na vikombe vinaruka.

"Kereza mwenyewe."

"Labhuben, tulia. Tumalize Diwali kwanza, halafu..."

"Umenichafulia jina mtaa mzima kwa kosa ulilolipanga mwenyewe! Mpaka flaiwili zilale mchangani usiku kucha, kisu changu hukipati. Mwite huyo fundi wako mwingine. Naye utamvunjia."

Anarudi nyumbani. Dhirubhai hajamfuata, na huenda asimfuate. Labhuben anasema hajuti. Anaweka akiba anunue mashine kuukuu ya kukereza, aunde injini moja yeye mwenyewe, mwanzo hadi mwisho.

"Flaiwili yake nitaiacha ipoe yenyewe," anasema, na kukibonyeza kisu kwenye jiwe hadi cheche ziruke. "Kisu kikivunjika hapo, nitajilaumu mimi. Hapo tu."