Picha ya Chumba cha Ndani

Ninaikumbuka vizuri siku moja kule Gulwe, siku niliyoona haya kumwambia bibi yangu asogee kidogo. Mwanangu, usicheke: ninapokuandikia haya niko kidato cha tatu, wewe hata hujazaliwa. Lakini mdomo wangu ni mzito, na nikingoja hadi nizeeke ndipo nikusimulie, naweza nisikusimulie kabisa.

Bibi alikuwa anahamia nyumba ya bati aliyojengewa na mjomba. Tembe lake la paa la udongo mvua zilikuwa zimeshalilaza upande mmoja, na kesho yake lingebomolewa. Alikuwa na ombi moja tu: apigwe picha ndani ya chumba alichojifungulia watoto wake wote, na chumba chenyewe kionekane. Mjomba, ambaye hupiga picha za nyumba za kupangisha mjini, pale Ipagala, alinikabidhi kamera na flashi.

"Ingia wewe. Mimi mtu mzima, chumba cha mama yangu siingii. Na betri ni hizo hizo, umeme huku hakuna."

"Mbukwa, mke mwenza!" Bibi alinisalimu kwa utani, amekaa kitandani na kilemba kipya. Nikaitikia chini chini. Nikabaki palepale mlangoni kwa haya, nikapiga. Paji la uso la Bibi liling'aa kama sufuria, nyuma yake giza tupu. Nikakumbuka mjomba anavyofanya Ipagala, nikaielekeza flashi juu ili mwanga ugonge dari urudi chini. Sasa dari za kule ni nyeupe, mwanangu. Hapa juu palikuwa na magogo yenye masizi ya miaka na miaka. Picha ya pili hata Bibi mwenyewe hakuonekana.

"Imetoka?" mjomba akauliza kutoka nje.

Nikainama kuifuta lenzi.

"Nakuuliza wewe! Au tembe limekumeza?"

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Sema, mke mwenza. Mficha uchi hazai!"

Jamani, methali ile, ndani ya chumba kile! Uso ulinichoma. Lakini nikasema yote: kwamba uso umeungua kwa mwanga, kwamba pembe za chumba ni nyeusi, kwamba juu nako nimejaribu ikawa mbaya zaidi, kwamba betri naziona zinachoka.

"Ungesema mapema," mjomba akajibu, wala hakuwa mkali sana. "Masizi hayarudishi mwanga, yanaula. Tafuta kitu cheupe humo. Macho ni yako, mimi sioni. Ukinyamaza nitakusaidiaje?"

Nikamwomba Bibi shuka jeupe, akatoa lile la wageni. Nikalitundika kwenye vigingi vya ukuta ulio kando yangu, nikaigeuzia flashi huko badala ya kumwelekea yeye. Halafu nikajikaza, nikasema: "Bibi, samahani, sogea kidogo, utoke ukutani." Akasogea tu, kama vile nimemwomba chumvi. Flashi ilikawia kujaa umeme. Nikapiga.

Mwanga ulirudi mpole. Uso wa Bibi ukatulia, na nyuma yake kikatokea kilindo cha kuwekea mtama, ngozi ya kitandani, pembe yote mpaka chini. Nikampelekea Bibi kamera aone. Bibi akaweka kidole kwenye kioo cha kamera.

"Hapo. Mama yako alitokea hapo, miguu mbele, akatutisha sote."

"Imetoka?" mjomba tena.

"Imetoka, mjomba!" Nilipaza sauti mpaka kuku wakatawanyika uani.

Mwanangu, kuuliza si ujinga, ingawa kwanza kuna haya yake. Ukitaka kuangaza mahali penye giza, usimmwagie mtu mwanga usoni. Tafuta kilicho cheupe karibu yake, umfikie kwa upole. Na shida yako itamke. Walio nje ya mlango wanakupenda, ila hawaoni unachokiona.

Mungu akujalie sauti ya kutosha siku ya haja, na watu wa kukuitikia. Huko uliko, ubarikiwe.