Mwalimu wa Simu na Kikombe Chake

Asubuhi ile nilitoka kwa sababu nilikuwa nimeamka mapema, basi. Sikuwa na safari. Nilikuwa na begi lenye suruali moja, mswaki na redio ndogo, na miguu iliyochoka kukaa mahali pamoja. Nikapita soko la Kasongo kabla wauza mihogo hawajapanga mafungu yao, nikafika pale pikipiki zinaposubiri abiria, nikasimama kuangalia watu wanaoondoka. Hiyo ni starehe yangu ya bure tangu nilipoacha shule.

Mwanaume mmoja wa makamo, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni, alikuwa akibishana na dereva.

"Mimi peke yangu natosha. Washa pikipiki, twende!"

"Papa mwalimu, njia ya Kabambare na mutu moja nyuma, hii moto yangu inarukaruka sana. Tungoje wa pili, atuletee uzito."

"Nikingoja wa pili, mtoto atahitimu bila mimi!"

"Mtoto gani?" nikauliza. Siwezi kusikia jambo kama hilo nikanyamaza.

Dereva akanipima kwa macho, toka viatu mpaka begi. "Na wewe unaenda wapi?"

Mpaka dakika ile nilikuwa siendi popote. "Kabambare," nikasema.

"Uzito umepatikana!" dereva akapiga kelele, na mwalimu akanishika mkono kama ndugu aliyepotea.

Alikaa katikati, kwa sababu aliogopa pikipiki kuliko kitu chochote duniani. Mimi nilikaa nyuma juu ya chuma cha mizigo. Kabla hatujazimaliza nyumba za mwisho za mji nilikuwa nimeshauliza maswali mengi, naye alijibu yote kwa sauti ya juu, macho ameyafumba, ili asione barabara.

Alikuwa mwalimu wa Kurani. Asubuhi alifundisha watoto wa mtaa wake, kwa ubao wa mti na wino wa masizi, kama alivyofundishwa yeye. Jioni alifundisha kwa simu. Wanafunzi wake wa jioni walikuwa Kinshasa: binti mmoja wa miaka kumi na wadogo zake wawili. Mama yao ni mzaliwa wa Kabambare, anafanya kazi ofisini, baba naye anarudi nyumbani amechoka, na kati ya shule na foleni za magari hakuna mtu wa kuwapeleka watoto madrasa. Basi mama anapiga simu watoto wakishatoka shule, anaiweka mezani, anaenda kupika. Mwalimu anaiweka yake ndani ya kikombe cha bati ili sauti ijae chumba.

"Bila picha?"

"Picha inakula mega zote za simu. Mimi nasikiliza tu. Mtoto akikosea sauti moja, najua hata amekaa vibaya."

"Na akikosea unafanya nini? Fimbo haifiki Kinshasa."

"Kwa watoto wa hapa nagonga ubao kwa kijiti, mara mbili. Simsemeshi. Anarudi mwenyewe kutafuta alipopotea. Wa Kinshasa nawagongea kikombe kwa ukucha. Tik, tik."

Dereva alicheka mpaka pikipiki ikayumba, na mwalimu akaomba dua kwa nguvu.

Aliniambia pia kwamba aliwahi kumchongea yule binti ubao, akampa msafiri aupeleke kwa ndege. Baada ya wiki kadhaa akamwuliza kama anaandika juu yake. Binti akajibu kwamba ubao ni mzuri sana, wageni wote wanausifu, baba ameutundika sebuleni karibu na televisheni.

"Ukutani!" mwalimu alilia, hata sasa bado inamuuma. "Ubao! Nikamwambia mama, ushushe leo, muuchafue!"

Wakauchafua. Kwa miaka miwili binti aliandika, akafuta, akasoma, sura moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki sura kubwa ya mwisho ya juzuu yake. Leo, baada ya sala ya alasiri, angeisoma yote mbele ya wageni, na mwalimu wake asikilize mpaka neno la mwisho kisha aombe dua. Bila sikio la mwalimu, kwao hitimu haijawa hitimu.

Lakini mtandao wa Kasongo ulikuwa umekufa tangu juzi. Na baba wa watoto alikuwa na mpango wake: amepata shule ya Kurani ya kwenye kompyuta, ya nchi za mbali, yenye picha, ratiba na cheti cha rangi. Alikuwa amemwambia mkewe waziwazi kwamba mwalimu wa Kasongo akikosekana siku ya hitimu, watoto wote watatu wanahamia huko. Jana usiku dereva wetu alifika akitoka Kabambare na habari kwamba kule rezo, yaani mtandao, iko, inaanzia juu ya kilima kabla ya kuingia mjini. Mwalimu hakulala.

"Kwa hiyo tunashindana na alasiri," nikasema. Moyo wangu ukaanza kwenda mbio kana kwamba mtoto ni wangu. Mimi nimebatizwa, dereva naye ni mwimbaji wa kwaya, lakini kuanzia pale sote watatu tulikuwa na hitimu moja.

Njia ya Kabambare haiendi, inakupeleka inapotaka. Tulisukuma pikipiki kwenye tope jekundu lililotufika magotini. Tulipita vijiji ambako watoto walitukimbilia wakipiga kelele, na kila nilipotaka kushuka kuuliza wanachemsha nini au ngoma ile inaitwaje, mwalimu alinivuta shati. Kwenye kijito kimoja daraja lilikuwa limebaki magogo mawili. Dereva alivuka na pikipiki kama mtu anayevuka kizingiti cha mlango wake. Mwalimu aliketi juu ya gogo, akajisogeza kwa makalio, kidogo kidogo, kofia ameishika kwa meno.

"Papa mwalimu!" dereva akaita kutoka ng'ambo. "Kule Kinshasa wakiuliza kanzu imechanikia wapi, tutasema imesoma barabara!"

"Cheka, cheka," mwalimu alijibu kupitia meno. "Siku yako ya kuimba, mimi nitakaa mbele kabisa."

Tulikuwa tunaenda vizuri mpaka mnyororo ukakatika. Dereva aliuunga kwa jiwe na msumari, akaugonga, ukakatika tena, akaugonga tena. Mwalimu alizunguka na kuangalia kivuli chake kinavyorefuka. Mwishowe mnyororo ukashika, tukaondoka. Na katika kijiji kilichofuata, mbele ya msikiti mdogo wa udongo, mzee mmoja alikuwa amesimama, viganja masikioni, anaadhini kwa sauti yake tupu.

Alasiri.

Nilihisi mgongo wa mwalimu ukilegea mbele yangu. "Simamisha," akasema.

"Tusisimame!" nikapiga kelele. "Tukikimbia..."

"Nitamwambiaje mtoto asali kwa wakati, halafu mimi niipite adhana mbio?"

Akatawadha, akaingia. Nilizunguka ile pikipiki kama mbuzi aliyefungwa kamba. Aliposali, alisali taratibu, kila kitu mahali pake. Kisha akatoka, akapanda, na kwa mara ya kwanza siku ile akafumbua macho. "Sasa kimbiza."

Dereva alikimbiza. Sijui tulipitaje yale mashimo. Mwalimu hakuomba dua hata moja. Alikuwa ameinama mbele kama mwindaji. Kilima kilipotokea, pikipiki ilipanda nusu ikakataa, tukaruka chini, tukapanda kwa miguu, mwalimu mbele, kanzu juu ya magoti, simu mkononi ameinyanyua hewani.

Tik. Ujumbe mmoja. Kisha nyingi, zikimiminika kama mvua juu ya bati. Na kabla hajazisoma, simu ikalia.

"Mwalimu!" Ilikuwa sauti ya mama wa Kinshasa. "Tangu juzi nakupigia. Mbona unahema?"

"Mama, nisamehe. Barabara, mnyororo, mtandao... Alasiri imepita, najua. Mtoto ameshasoma?"

"Imepita wapi? Huku bado haijaadhiniwa. Wageni ndio kwanza wanavua viatu."

Mwalimu alitazama simu. Akatazama jua. Siku zote mama ndiye aliyepiga watoto wakirudi, na hakuna aliyewahi kuhitaji kuuliza alasiri ni ya nani. Jua lilikuwa limeshatupita sisi, lakini kwenda Kinshasa, mbali magharibi, bado lilikuwa njiani.

Dereva alijitupa chini kwenye nyasi, akicheka, miguu juu. "Papa mwalimu! Tumeua mnyororo kwa kukimbiza jua, kumbe jua yenyewe ilikuwa inatembea polepole!"

Tukakaa, tukasubiri watu wa Kinshasa wasali. Mwalimu alitoa kikombe cha bati kwenye mfuko, akakifuta kwa pindo la kanzu, akaiweka simu ndani. Kisha ikatoka sauti ya binti, nyembamba, wazi, ikijaa kikombe na kumwagika juu ya kilima. Sikuelewa maneno, lakini nilielewa kwamba anatembea juu ya gogo na hataki kuanguka. Mwalimu alifumba macho, vidole hewani. Binti alipofika mbali, mbali sana, sauti ikasita. Ikajaribu. Ikanyamaza. Nikasikia kikohozi cha mwanaume, na nikajua ni baba.

Tik, tik, ukucha ukagonga kikombe.

Binti akavuta pumzi, akarudi nyuma kidogo, akapita pale palipomshinda, akaendelea mpaka mwisho bila kusimama. Vigelegele vya Kinshasa vikapasuka ndani ya bati. Mwalimu aliomba dua akitiririkwa na machozi, na kila alipotua, mimi na mwimbaji wa kwaya tukasema amina kwa nguvu kuliko watu wote wa sebuleni.

Kisha ikaja sauti ya baba, taratibu. "Mwalimu, kile kilichogonga ni nini?"

"Kikombe, baba."

"Basi wadogo zake nao waendelee na kikombe. Mko wapi sasa?"

"Kwenye kilima cha Kabambare."

"Kabambare!" mama akamnyang'anya simu. "Mwalimu wa hitimu hali chakula kwa watu wengine. Ngoja nimpigie mama yangu."

Tulipoingia mjini, bibi wa yule binti alikuwa barabarani, kuku amemshika miguu, anamzomea kila mwenye pikipiki asiyekuwa sisi. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya udongo, na chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo ya maji na dirisha linaloangalia njia nisiyoijua inaenda wapi.

"Na wewe pia ni mwalimu?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Mimi nilikuwa uzito."

"Basi uzito utalala humu." Akanipa mkeka wa kutandika, lakini hakuondoka mlangoni. "Sasa kaa hapo, uniambie. Mujukuu wangu amesoma namna gani?"

Nikaweka begi chini, nikaomba kikombe cha bati.