Mtaa wa Wachina wa Nyumba Moja

Mwaka jana nilialikwa ng'ambo kusoma makala ya kitaaluma. Walionisikiliza walikuwa sita, wawili kati yao wakisinzia. Jioni wenyeji wangu walinipeleka kula katika mtaa wa Wachina wa mji ule. Ulikuwa mtaa kamili: maduka, hekalu, shule, bata waliobanikwa wakining'inia madirishani, wazee wakicheza karata barazani. Profesa mmoja akaniuliza, kwa upole wa kumwuliza mtu wa shamba, kama nimewahi kuona kitu kama hiki. Nikamjibu kwamba hata kwetu Thika, nilipokuwa mtoto, tulikuwa na mtaa wa Wachina. Akataka kujua ulikuwa na ukubwa gani. Ikanibidi niseme ukweli: nyumba moja.

Ilikuwa mwisho wa mtaa wa Wahindi, nyumba ya mabati yenye vyumba vitatu, ua na tanuri la mikate. Ndani alikaa mwokaji, mke wake, watoto ambao sikuwahi kuwahesabu kwa sababu hawakutulia, na mama mzazi wa mwokaji, bibi kizee asiyejua Kiswahili, Kiingereza wala Kihindi. Kabla ya kufika kwetu walikuwa wamepitia kisiwa cha Morisi. Ni nani aliyewaelekeza Thika, sijui. Mji wenyewe wakati huo ulikuwa stesheni ya reli, viwanda vichache, vumbi jekundu na harufu ya maganda ya kahawa yakioza kando ya mto. Ukipita pale kwa Wachina ulipokewa na harufu nyingine: mkate wa alfajiri, tangawizi, samaki mkavu, na kitu cheusi cha chupani walichokitia katika kila chakula. Uani, mahali ambapo watu wengine wangeanika nguo, wao walianika tambi kwenye kamba ya katani. Kwa muda mrefu niliamini kuwa zile ni nyuzi, na kwamba siku moja wangefuma sweta.

Mama alifanya kazi pale. Alifua, alifagia, alipanga mikate kwenye makreti, na jioni alituletea ncha za mikate zilizoungua, tukazila kwa chai ya strungi, isiyo na maziwa. Lakini kazi ile ilikuwa na maana zaidi ya mkate. Zilikuwa siku za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Baba alikuwa amezuiliwa kambini. Mtu wa kabila letu asiye na karatasi yenye saini ya mwajiri hakuruhusiwa kuishi mjini. Alipakiwa kwenye lori akarudishwa rizavu, eneo tulilotengewa. Karatasi ya Mama ilitiwa saini kila mwisho wa mwezi. Ndiyo iliyotuweka katika chumba chetu cha mtaa wa Majengo, Mama, mimi, na nyanya yangu tuliyemwita Cucu. Ndiyo pia iliyoniweka darasa la pili.

Sasa nikueleze kuhusu Mama na ufagio. Kwake yeye, uwanja ambao haujafagiwa kabla jua halijatoka ulikuwa aibu ya ukoo mzima, na siku ya wageni alifagia mara mbili. Tabia hiyo sikuirithi. Wanaoijua ofisi yangu watathibitisha.

Mwaka mmoja, mwezi wa Februari hivi, mke wa mwokaji alimweleza Mama kwa ishara kwamba kesho yake ilikuwa sikukuu yao kubwa, mwaka mpya wao, na kwamba wageni wangekuja kutoka Nairobi. Hayo Mama aliyaelewa. Ambalo hakulielewa ni kwa nini yule mwanamke alimpokonya ufagio akaufungia kabatini. Alirudi nyumbani ameumia, akamwambia Cucu kwamba sasa wanamshuku hata wizi wa fagio. Kwa hiyo asubuhi, ambayo ilikuwa Jumamosi, alikwenda na ufagio wetu wenyewe, na mimi nyuma yake.

Wenye nyumba walikuwa bado wamelala. Sakafu yote, tangu mlangoni hadi jikoni, ilikuwa imetapakaa vipande vya karatasi nyekundu. Leo najua sababu. Kwao mwaka mpya hupokewa kwa fataki, na yale maganda mekundu huachwa chini siku nzima, maana ndiyo bahati yenyewe. Lakini nani angelipua fataki Thika miaka ile? Askari wangefika kabla moshi haujatawanyika. Basi bibi kizee alikuwa ameketi siku kadhaa na mkasi, akakata karatasi, akazimwaga sakafuni badala ya fataki. Mama aliona takataka. Alifagia vyumba vyote vitatu, hata walimolala watu, akazitoa kwa mlango wa mbele, akazipeleka kwenye shimo la taka, nyuma ya duka la vitambaa la jirani Mhindi. Mimi nilizoa kwa kipande cha debe. Nakumbuka nilijivunia kazi ile.

Bibi kizee alipotoka chumbani aliona sakafu tupu. Aliketi, akafunika uso kwa viganja. Mwokaji akaja, akaitazama sakafu.

"Wewe nafagia bahati yote," alimwambia Mama. "Mwaka mzima, kwisha. Kesho hapana kuja."

"Na karatasi yangu, mzee?"

"Karatasi hapana."

Nje tulimkuta mwenye duka la vitambaa, futi yake ya kupimia begani, ameshasikia kila kitu. "Wewe mama kali sana," alisema. "Hata bahati ya watu umefagia." Akacheka peke yake. Zilikuwa zimebaki wiki mbili mwezi uishe.

Nyumbani, Cucu alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama zile takataka zimechomwa. Mama akasema bado.

"Basi inuka tukaziokote. Uzirudishe kwa mlango uleule."

Mama akakataa. Alisema hawezi kubeba uchafu mchana kweupe na kuuingiza katika nyumba ya mtu. Ana jina lake.

"Na hilo jina," Cucu akamwuliza, "utaenda kufagia nalo rizavu?"

Tukaenda watatu. Kuokota karatasi nyekundu katika udongo mwekundu wa Thika ni kazi nisiyomwombea mtu, na macho ya Cucu yalikuwa mabaya, hivyo aliokota kwa kupapasa. Mwenye duka alitutazama kwa muda, akaingia ndani, akatoka na vitambaa vyekundu vya kujazia. Cucu akamshukuru, akamrudishia. Alisema tunarudisha cha wenyewe, hatuongezi.

Mama alisimama mlangoni na kiondo, kikapu chake, kimejaa karatasi. Mwanamke ambaye hakuwahi kuacha hata jani moja chini alivua viatu, akaanza kumwaga taka katika sakafu aliyoifagia kwa mikono yake. Majani ya chai yalianguka pamoja nazo, na magamba ya samaki. Bibi kizee alikuwa bado ameketi palepale; aliteremsha viganja, akatazama. Halafu akainuka, akamshika Mama kiwiko, akamwonyesha kona ambayo haijapata. Mama akamwaga pale. Akamwonyesha nyingine. Walipomaliza chumba cha tatu, bibi kizee alimwambia mwanawe maneno mengi sana, na mwokaji akayafanya machache.

"Mama yangu nasema, watu ya kazi yote natoa kitu nje. Wewe naleta ndani." Akakuna kichwa. "Jumatatu kuja."

Mwisho wa mwezi alitia saini. Nilikuwa mtu mzima niliposhtuka kwamba mtu aliyetoka Uchina, aliyepanga hata nyumba aliyokaa, ndiye aliyemruhusu Cucu kuishi mwendo wa saa mbili kutoka mahali alipozaliwa. Mama hakuona la kushangaza hapo. Uzeeni, nilipomkumbusha, alisema kilichomsumbua ni ile sakafu tu, kwamba wageni wa Nairobi waliiona.

Wachina wetu waliondoka miaka michache baadaye. Nyumba yao ilibomolewa, pakajengwa ghorofa, na nikiwauliza vijana wa Thika kuhusu mwokaji Mchina hunitazama kama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Sikuwaaga. Mama ndiye aliyeniambia jioni waliyoondoka kwamba bibi kizee aliniulizia, akionyesha kimo changu kwa mkono, kimo cha mtoto wa darasa la pili, ingawa wakati huo nilikuwa nimeshampita yeye kwa urefu. Mama akamjibu kwamba niko shule.

Neno hilo la shule, alisema Mama, yule bibi alilielewa.