Kuku wa Kumaliza Maneno

Mimi huwa nacheka mahali pabaya. Nilicheka kwenye mazishi ya babu. Na siku koki ya boila ya chai ilipong'oka katika hoteli nilimokuwa nikipika mjini Kitale, chai ikanimwagikia mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi vidoleni, nilipiga mayowe kwanza, kisha nikacheka. Walionichekesha ni wenzangu wa jikoni. Mmoja alinipasulia mayai mkononi, mwingine akaninyunyizia unga wa ngano, na nilipojitazama nikaona nimebakiza kutumbukizwa kwenye mafuta tu. Bomba la maji baridi lilikuwa papo hapo ukutani. Hakuna aliyelikumbuka.

Koki yenyewe nilikuwa nimemlalamikia mwenye hoteli mara nyingi kwamba inacheza. Dawa yake ilikuwa kuifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Kesho yake, nyumbani kwangu mtaani Tuwan, nikajitangaza kuwa nimepona. Karibu na kiwiko ngozi ilikuwa nyekundu na iliwasha hata upepo ukipita. Chini zaidi, kuelekea kiganja, malengelenge yalikuwa yamefura. Lakini kiganjani na vidoleni palikuwa peupe, pakavu, na hapakuuma hata chembe. Wee! Niliita majirani waje waguse. Nilijisifu kwamba mayai yamefanya kazi.

Hospitalini daktari alinichoma sindano pale pale peupe, akauliza kama nasikia. Nikamjibu kwa majivuno kwamba sisikii kitu. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba penye wekundu ni ngozi ya juu tu iliyoungua, na penye malengelenge joto limeshuka zaidi. Pale nilipokuwa nikipaonyesha watu, limeshuka hadi likaua mishipa ya fahamu, ndiyo maana hapaumi. Kumbe nilikuwa nikisherehekea kidonda kibaya kuliko vyote.

Walinitoa ngozi pajani wakanibandika mkononi. Kidonda kilifunga, lakini vidole vilijikunja, vikagoma kunyooka. Daktari alisema bila upasuaji wa pili vitabaki hivyo maisha. Mimi ni mpishi. Kicheko kilinikauka.

Kabla ya kwenda kupumzika kwa shangazi yangu Bungoma, nilipitia kwa afisa wa kazi. Aliniambia mtu akiumia kazini, mwajiri ndiye hubeba matibabu na kulipa fidia, na daktari ndiye hupima ulemavu. Mwajiri akikosa kuripoti, niripoti mwenyewe mapema, maana muda wa kudai huisha. Akigoma kabisa, kuna wakili na korti. Nilimsimulia shangazi hayo yote. Akasema ni mazuri, ila sheria ya pili inakuja, nayo itakuja na kuku.

Kweli ikaja. Mwenye hoteli alifika na wazee wawili, sukari, na mtetea mweusi aliyefungwa miguu. Kwetu, watu waliokosana wakila kuku pamoja na mgeni akapewa firigisi, maneno yamekwisha. Ukianza tena kudai, kijiji kizima kitakuona wewe ndiye mbaya. Yeye alilijua hilo vizuri.

"Mama, si hii maneno tumalize kinyumbani?" alimwambia shangazi. "Huyu ni kama mtoto yangu msichana."

Na mimi, mnafiki wa tumbo, nililainika. Kuku ndio udhaifu wangu. Nilimfuata shangazi jikoni nikamnong'oneza kwamba labda tumchinje tu, mgeni ametoka mbali. Alikuwa akisonga ugali, wala hakugeuka.

"Hiyo kuku ukikula," alisema, "umekula mkono yako."

Lakini mgeni naye haachwi aondoke na njaa. Basi shangazi aliwaandalia ugali mkubwa na saga chungu, mboga tupu! Wageni wa heshima, Bungoma, bila hata mfupa! Wazee walinawa, wakatazama bakuli, wakatazama mlango wa jikoni, wakangoja. Nilikimbilia nyuma ya ghala nikacheka hadi mbavu zikauma. Shangazi aliwaambia kwa upole kwamba kuku amechoka na safari, apumzike. Atachinjwa siku nitakayoweza kuishika firigisi kwa mkono uleule ulioungua. Mwenye hoteli alimeza saga bila kutafuna.

Jioni ile, wageni wakiwa wameshaondoka, mtetea akataga chini ya kochi. Yai tulilikaanga. Hakuna aliyepakwa.

Nilipeleka madai yangu. Mwenye hoteli alipoona hakuna wa kumtetea kijijini, aliripoti ajali, upasuaji ukalipiwa, na fidia ikafuata kwa mwendo wake wa kinyonga. Vidole vilifunguliwa. Niliviamsha kwa kufinya donge la unga wa chapati kila asubuhi, nikivitukana kimoja kimoja.

Ndipo shangazi akamwita tena mwenye hoteli na wazee wake, na mtetea akachinjwa. Zamani za bibi yangu mwanamke hakuonja firigisi, lakini shangazi aliiweka mbele yangu, upande wa kulia. Nilipoishika mara ya kwanza ilinitoka, ikarudi kwenye supu, na supu ikamrukia mzee mmoja shatini. Mara ya pili vidole vilifunga, nikaiinua, nikaitia mdomoni. Ilikuwa ngumu kweli. Kuku alikuwa amezeeka akitungoja. Kila mtu alicheka, hata mwenye hoteli. Mimi nilitafuna huku nalia.