Dumu la Mafuta Mgongoni

Juzi kwenye mwalo wa Musoma nilimwona binti mmoja akivua jaketi la kuokolea na kulisukuma chini ya benchi la mtumbwi, kwa sababu wenzake walikuwa wanamcheka. Masikio yangu yakapata moto, kana kwamba wananicheka mimi.

Yaliponikuta mimi, nilikuwa mdogo kuliko yeye. Tulikuwa tunatoka Bukima kwenda harusini mjini, familia nzima kwenye mtumbwi wa baba mdogo, ulionuka petroli na dagaa. Nilikuwa nimevaa gauni jipya. Kabla hatujaondoka, mama akanifunga mgongoni dumu tupu la mafuta ya kula, kwa khanga yake, akakaza fundo.

"Huyo mnampeleka kuuzwa na mafuta?" binamu zangu waliuliza, wakacheka.

"Mama, mimi najua kuogelea," nilimnong'oneza.

"Kwetu Butiama ni ng'ombe tu ndio wanaingiaga majini," alisema. "Kaa nalo."

Kila wimbi lilipotupiga, dumu lilinigonga mgongoni na kulia kama ngoma. Nilidhani ananiaibisha kwa sababu watu wa ng'ombe hawaelewi ziwa. Njia nzima mama alishika ubavu wa mtumbwi kwa mikono miwili, macho yake kwenye lile fundo.

Juzi, nikimtazama yule binti, ndipo nilipokumbuka kwamba nyumbani kwetu dumu lilikuwa moja. Na mama, mpaka leo, hajui kuogelea.