Robe Bila Mulango

Katungu anashona kule Vulamba tangu bwana yake alikuwa angali na nywele. Hafungui katalogi. Anakuangalia tu ukiingia, anajua kama mugongo unakuuma, kama tumbo ni ya mimba ao ya pombe ya kasiksi, kisha anachora robe na chaki juu ya meza. Mimi nauza bitunguu kwa mulango wake, nimeona mengi.

Siku moja Kapinga, bibi ya mukubwa mumoja wa bureau mwenye walituma kutoka Kasai, akaleta telefone. Ndani, picha ya robe: mabega kama mabawa, kiuno kama ya nyigu, hata mushono moja hauonekane.

"Maman Katungu, hii hakuna mutu aliichora. Mashini ilifikiri yenyewe. Ikitoka muzuri, bamama wote wa chorale ya kanisa tutavaa hii siku ya jubilé. Donc wewe shona tu, usiongeze kitu."

Ile ilimuchoma Katungu. Miaka kumi na mbili, robe za chorale zinatoka mu kichwa yake. Akacheka na pua.

"Sawa, maman. Nitashona yenye naona."

Siku ya tatu Kapinga akarudi. Robe ilifanana na picha kabisa. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Mais nitaingilia wapi?"

"Kwa picha hakuna fasi ya kuingilia. Usijali, nitakushonea ndani."

Akafungua ubavu, akamuingiza, akashona tena. Kapinga akajiona mu kioo: malkia! Hata mimi niliacha bitunguu, nikaingia kuangalia. Akaenda kwa répétition ya nyimbo na hatua za kuku mwenye amefungwa miguu.

Kule wakamupa chai. Vikombe viwili.

Tukamuona anarudi, anaruka-ruka, jasho usoni.

"Fungua! Haraka!"

Katungu akakamata makasi pole pole. "Tukate wapi? Uliza kwanza telefone."

"Mwanamuke wewe! Kata fasi unajua!"

"Na robe za chorale?"

"Chora wewe! Zote, chora wewe! Kata!"

Makasi ikashuka ubavuni, kutoka kwapa mpaka goti, kwa kupinda kidogo. Kapinga akapotea nyuma ya nyumba. Akirudi, Katungu alikuwa amekwisha kupanga vifungo vya rangi ya chungwa kwa ule mukato, kichwa imeinama.

Leo chorale yote inavaa vifungo ubavuni. Kapinga anaapa kama ni yeye alifikiri ile modèle. Ako na haki kidogo: kibofu chake kilisaidia.