Mavi na Feni ya Mama

Feni kuukuu ikianza kuzunguka, ile inayosema krr, krr, krr kabla ya kushika kasi, mimi sisikii upepo. Naangalia mlango kwanza. Wenzangu ofisini hunicheka, wanadhani naogopa isije ikanidondokea. Sijawahi kuwaeleza. Ngoja niwaeleze ninyi, ila mnisamehe, maana humu ndani kuna neno moja la chooni ambalo siwezi kulikwepa.

Ilikuwa Johannesburg, mtaa wa Doornfontein, mwaka 2015, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yangu, fundi cherehani kutoka Bukavu, Kongo, alikuwa amepanga chumba cha chini kwenye jengo la karakana, mlango ukitazama barabara. Mle ndani mlinukia mafuta ya cherehani, vitenge vipya na sombe, yaani kisamvu, iliyopashwa moto. Juu ya kabati ilikaa feni yetu kuukuu, ikiturushia vipande vya nyuzi usoni. Mama hakujua Kiingereza zaidi ya "sharp", yaani poa, na "eish" ya mshangao, na hayo mawili aliyatumia kwa kila jambo, hata kuwashukuru polisi. Mengine yote yalipitia kinywani mwangu. Ndivyo tulivyolelewa watoto wa wakimbizi: ukitoka shule unavua sare, unakuwa mdomo wa wazazi wako kwa mwenye nyumba, kwa daktari, kwa mteja mkorofi. Na sharti nililikariri kama sala: usiongeze, usipunguze.

Jirani yetu alikuwa mzee wa hapohapo mjini, fundi wa friji na mashine za kufulia. Jina lake Solly, ila sisi watoto tulimwita Oupa, yaani babu. Jamani, mzee yule alikuwa na mdomo! Alitukana mvua, alitukana bisibisi, alitukana hata chai ikimuunguza. Mama alimhurumia na kumwogopa kwa pamoja. "Kinywa kichafu hakitoi neno la maana," alizoea kusema.

Jumatano moja mama mchungaji alikuja kujaribu gauni lake la harusi ya bintiye, ambayo ilikuwa Jumamosi. Kanisa zima lilikuwa linashonewa na Mama. Oupa akaingia bila kubisha, kofia mkononi. Hilo peke yake lilinitia baridi, maana sikuwahi kukiona kipara chake. Akaniambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba nimwambie mama yangu afunge Ijumaa, kwa sababu Ijumaa mavi yatagonga feni.

Nilitazama feni yetu juu ya kabati. Nikatafsiri. Sikuongeza, sikupunguza.

Kofi lilifika kabla sijafunga mdomo. "Yesu wangu! Mutoto wa kuokoka anasema neno hilo mbele ya mama mchungaji?" Mama mchungaji, na pini zake shingoni, alifumba macho akaanza kukemea pepo. Oupa alishangaa, akarudia, akionyesha barabarani kwa kidole. Mama akamwonyesha mlango.

Nilikasirika, nawaambia kweli. Nimefanya kazi niliyotumwa, nalipwa kofi! Jioni hata hivyo nilimuuliza Oupa maana yake, nikajaribu tena, safari hii kwa maneno yaliyooshwa: Oupa anasema kutakuwa na vurugu, anaomba tufunge.

"Ule mulevi?" Mama alijibu, akipiga pasi bila kuinua macho. "Harusi ni Jumamosi. Nikifunga Ijumaa, bibi harusi avae nini, shuka?"

Siku ya pili yake mwenye spaza ya kona, ambaye hakuwahi kufunga kiduka chake hata Krismasi, alikuwa akipakia magunia ya unga kwenye gari. Hakututazama. Mama akampungia mkono, akasema, "Sharp!"

Ijumaa shule ilituruhusu mapema. Nilikuta barabara tupu. Wauza nyanya hawapo, wasusi hawapo. Roboti, yaani taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu na hapakuwa na gari hata moja la kusimama. Mlango uliokuwa wazi ni wetu tu. Mama alikuwa kizingitini, sindano kwenye kola, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Watu wamekwenda wapi?"

Ndipo tukasikia kuimba, kwamba wageni warudi kwao. Sauti za wanaume wengi, na chuma kikiburutwa kwenye lami. Oupa alitoka kwake mbio, akamshika Mama mkono, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu, akatusukuma nyuma ya friji zake na kushusha mlango wa bati. Yeye akabaki nje.

Gizani tulisikia kwetu kunavunjwa, cherehani zikiburutwa. Kisha ngumi zikaanza kwenye bati letu. Na juu ya kelele zile, sauti ya Oupa! Aliwatukana wao, wajomba zao, meno yao na viatu vyao, kwa Kiingereza na kwa kila lugha ya mji ule. Kucha za Mama zilinizama mkononi.

"Anasema aje?"

"Mama, ni matusi."

"Sema vilevile."

Nikamnong'oneza yote sikioni. Mavi yalikuwa ndiyo neno la adabu kuliko mengine. Na kwa kila tusi Mama aliitikia, "Amina." Kuna kitu kilimpiga Oupa, tukamsikia akiguna, halafu kimya. Nilidhani amekufa. Aliporudia kutukana, nililia kwa furaha.

Walipokwisha ondoka tulimkuta ameketi chini, mdomo umepasuka. Cherehani zote zilikuwa zimekwenda. Gauni la mama mchungaji lilikuwa mtaroni, limejaa alama za viatu. Feni walituachia, imelala sakafuni, inazunguka, krr, krr. Mama akaizima.

Ukubwani nimetafuta asili ya msemo ule wa Kiingereza. Wenye lugha yao wenyewe hawana hakika. Wanapenda kusimulia kisa cha mtu aliyebanwa na tumbo baani, akapanda ghorofani, akakuta tundu sakafuni, akajisaidia humo. Aliposhuka, baa ilikuwa tupu. Akauliza, "Watu wamekwenda wapi?" Mwenye baa akamjibu, "Kwani ulikuwa wapi yalipogonga feni?" Siku mmoja alipokisimulia ofisini, walicheka hadi machozi. Mimi nilimwona Mama kizingitini, na sindano yake kwenye kola.

Nilikuwa mdogo, nilidhani ugomvi wa siku ile ulikuwa juu ya neno. Sasa naikumbuka zaidi ile kofia mkononi. Alipofariki baadaye, Oupa alizikwa na suti aliyoshona Mama, na mama mchungaji ndiye aliyeongoza wimbo kaburini.

Siku hizi Mama anashona Randburg. Neno lile hajalitamka hata mara moja. Lakini zipo siku ambapo viduka hufunga mapema na barabara hukaa kimya isivyo kawaida. Hapo simu yangu hulia ofisini, na Mama hasalimii.

"Mwanangu," anasema, "zima feni."

Nachukua mkoba wangu, naondoka.